Wimbo Mmoja wa Roki, Wenyewe Wangapi?

Mwishoni mwa Oktoba 1975 bendi ya Queen ilitoa santuri ndogo ya nyimbo mbili, mmoja kila upande. Upande wa kwanza ulikuwa na "Bohemian Rhapsody", utunzi wa Freddie Mercury, yule Farrokh Bulsara aliyezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946. Ukiigeuza santuri unakutana na "I'm in Love with My Car", wimbo wa mpiga drams Roger Taylor kuhusu mwanamume anayelipenda gari lake kuliko mpenzi wake. Upande wa kwanza ulishika namba moja Uingereza kwa wiki 9 mfululizo. Upande wa pili, tuseme ukweli, wengi waliununua bila kuuomba. Hata hivyo kwa kila nakala iliyouzwa Taylor alipata mrabaha wa utunzi sawasawa na Mercury, kwa sababu santuri haiuzwi nusu. Jambo hilo lilizua manung'uniko ndani ya bendi kwa miaka mingi, na ilipofika albamu ya The Miracle ya mwaka 1989, wanne hao wakakubaliana kila wimbo uandikwe umetungwa na Queen, yaishe.

Wanaosimulia kisa hiki hupenda kumcheka Taylor kama mjanja. Mimi naona alikuwa tu anasimama mahali ambapo sheria huelekeza pesa. Ukitaka kuelewa kwa nini wanamuziki wa roki wameburuzana mahakamani kwa zaidi ya nusu karne, anzia hapo: kile ambacho sheria inakiita wimbo si kile ambacho sikio lako linakisikia.

Wimbo uliorekodiwa ni mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani melodi na maneno, hata kama haujawahi kuimbwa na mtu. Huo ni wa mtunzi, ambaye kwa kawaida hugawana mapato na kampuni ya uchapishaji wa muziki. Jina hilo limebaki tangu enzi ambazo biashara ya nyimbo ilikuwa kuuza karatasi za noti kwa watu wenye piano nyumbani. Mali ya pili ni rekodi, ile sauti yenyewe iliyonaswa studio siku fulani na watu fulani. Hiyo mara nyingi ni ya kampuni ya kurekodi iliyogharamia kazi. Mali hizi mbili zinaweza kuwa na wenyewe tofauti, zikauzwa kwa nyakati tofauti, na zikafa kwa umri tofauti.

Mfano mzuri wa umri ni "Love Me Do" ya The Beatles, iliyotoka Oktoba 1962. Ulaya wakati huo rekodi ililindwa kwa miaka 50. Umoja wa Ulaya ukaongeza ulinzi hadi miaka 70, lakini sheria mpya ilipoanza kutumika Uingereza Novemba 2013, rekodi ya "Love Me Do" ilikuwa imeshavuka mstari. Kwa hiyo huko Ulaya mtu anaweza kutoa tena rekodi ile ya 1962 bila kuomba ruhusa kwa mwenye rekodi. Lakini utunzi wake bado una mwenyewe, na utaendelea kuwa naye hadi miaka 70 baada ya Paul McCartney, mtunzi wake aliye hai, kufariki. Sauti iko huru, wimbo umefungwa.

Pesa nazo zinafuata mgawanyo huohuo. Mtengeneza filamu anayetaka kibao fulani kwenye tukio lake lazima apige hodi milango miwili, wa utunzi na wa rekodi, na mmoja ukikataa, mwingine haumsaidii. Anayetaka kuurudia wimbo wa mwingine kwa sauti yake ana njia nyepesi zaidi: Marekani, wimbo ukishatolewa kwa umma, mtu yeyote anaweza kuurekodi upya mradi alipe kiwango kilichowekwa na sheria. Ndiyo maana toleo la Jimi Hendrix la "All Along the Watchtower" la mwaka 1968, ambalo kwa masikio ya wengi lilimnyang'anya Bob Dylan wimbo wake, liliendelea kumlipa Dylan. "I Love Rock 'n' Roll" watu wanaujua kwa sauti ya Joan Jett, lakini uliandikwa na Alan Merrill na Jake Hooker wa bendi ya Arrows, walioutoa mwaka 1975. Kuna jambo jingine la kushangaza zaidi. Redio za kawaida za Marekani hulipa watunzi tu. Mwimbaji na mwenye rekodi hawapati kitu wimbo unapopigwa kwenye FM, ingawa nchi nyingi za Ulaya huwalipa. Kwa hiyo Jett anaposikika kwenye kituo cha redio cha Ohio, anayeingiziwa pesa ni aliyeandika.

Muziki wa roki hauingii vizuri kwenye sheria hii. Sheria ilizaliwa na karatasi, na roki ilizaliwa na spika. Ukiandika kwenye noti kile kinachofanya wimbo wa roki utambulike ndani ya sekunde tatu, mara nyingi utabaki na kitu kikavu: noti nne za besi, pigo la drams, gitaa lililokwaruzwa makusudi. Ndani ya bendi, mmoja huleta melodi na maneno, wengine huongeza kile ambacho mashabiki wanakipenda. Nani mtunzi? John Lennon na McCartney walipeana mkono wakiwa vijana kwamba nyimbo zao zote zitaandikwa majina yote mawili, ndiyo maana "Yesterday" ya 1965, iliyotungwa na McCartney na kurekodiwa bila Beatle mwingine yeyote, ina jina la Lennon. George Harrison na Ringo Starr walibaki nje ya makubaliano hayo. R.E.M. walichagua njia nyingine tangu mwanzo, majina manne kwa kila wimbo, na Coldplay wakafanya vivyo hivyo. Sidhani ni bahati kwamba bendi zinazogawana sawa hudumu.

Procol Harum hawakugawana. "A Whiter Shade of Pale" ilitoka mwaka 1967 ikiwa na majina mawili, Gary Brooker kwa melodi na Keith Reid kwa maneno. Lakini muulize mtu yeyote auimbe wimbo huo bila maneno, atakuimbia kinanda: ule mpito wa taratibu wenye harufu ya Bach, uliopigwa na Matthew Fisher. Fisher alikaa kimya karibu miaka 40. Mwaka 2005 akafungua kesi London. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa asilimia 40 ya utunzi wa muziki. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ikasema jina lake libaki lakini pesa asipate kwa sababu alichelewa mno. Mwaka 2009 majaji wa House of Lords, mahakama ya mwisho ya Uingereza wakati huo, wakamrudishia asilimia zake, kuanzia siku aliyofungua kesi na kuendelea, siyo za nyuma. Kwangu hiyo ndiyo hukumu ya haki kuliko zote katika historia ya roki, na pia ndiyo iliyowatia wapiga vinanda na wapiga magitaa wengi kiu ya kumtafuta wakili.

Kivuli cha Allen Klein

Kuna mtu mmoja ambaye ukimfuata utaona jinsi mali hizi mbili zinavyoweza kugeuzwa silaha. Allen Klein alikuwa mhasibu wa Marekani aliyegeuka meneja. Aliwasimamia Rolling Stones katikati ya miaka ya 1960, na walipoachana kampuni yake, ABKCO, ikabaki na haki za nyimbo zao za muongo ule. Mwaka 1969 akaingia pia kwa The Beatles, akiwasimamia watatu kati yao; McCartney peke yake alimkataa.

Mwaka 1970 George Harrison alitoa "My Sweet Lord". Wimbo ulishika namba moja pande zote mbili za Atlantiki, na mapema tu watu wakasema unafanana mno na "He's So Fine" ya kundi la wasichana la The Chiffons, ya mwaka 1963. Kampuni iliyomiliki utunzi huo, Bright Tunes, ikashtaki mwaka 1971. Klein, akiwa bado meneja wa Harrison, alianza mazungumzo ya kuinunua Bright Tunes ili kesi iishe. Mwaka 1973 Harrison akamwacha. Mwaka 1976 Jaji Richard Owen, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa opera, akaamua kwamba Harrison hakuiba kwa makusudi, ila melodi ile ilikuwa imejificha akilini mwake na ikatoka bila yeye kujua. Kwa sheria ya hakimiliki hilo halikumwokoa. Kutojua hakuondoi deni, kunapunguza tu aibu.

Kabla kiasi cha fidia hakijamalizwa kuamuliwa, Klein alirudi. Mwaka 1978 alinunua Bright Tunes kwa dola 587,000, akawa yeye ndiye mdai katika kesi ambayo mwanzoni alikuwa upande wa mdaiwa. Jaji aliliona hilo kuwa usaliti wa dhamana. Mwaka 1981 aliamuru Klein asipate faida hata senti: Harrison amlipe zile 587,000 alizotoa, na haki za wimbo ziwe za Harrison. Kwa hiyo mtu aliyeshindwa kesi ya kunakili aliishia kumiliki wimbo alionakili. Mabishano ya pembeni yaliendelea hadi miaka ya 1990.

Klein hakuwa amemaliza. Mwaka 1997 The Verve, bendi ya Wigan, Uingereza, walitoa "Bitter Sweet Symphony". Richard Ashcroft alikuwa ameupenda mlio wa fidla kutoka kwenye rekodi ya Andrew Oldham Orchestra, toleo la ala tupu la "The Last Time" ya Rolling Stones. Waliomba na kupata ruhusa ya kutumia kipande cha rekodi. Wakapata mlango mmoja. Mlango wa utunzi ulikuwa wa Klein, na Klein alikataa kuufungua hadi wampe kila kitu. Ashcroft, aliyeandika maneno yote na kuyaimba, alipewa dola 1,000, na wimbo ukaandikwa umetungwa na Mick Jagger na Keith Richards wa Rolling Stones. Aliwahi kutania kwamba ni wimbo bora walioutoa wawili hao kwa miaka 20.

Hapa ndipo kitendawili kinakuwa kizito. Fidla zile ambazo kila mtu anazikumbuka hazikutungwa na Jagger wala Richards; zilipangwa na David Whitaker, na jina lake halikuandikwa kwenye utunzi. Na "The Last Time" yenyewe imejengwa juu ya wimbo wa injili ambao The Staple Singers, familia ya Weusi kutoka Chicago, walikuwa wameurekodi miaka ya 1950. Kila ngazi unayoshuka unamkuta mtu ambaye karatasi haikumtaja. Na mwaka huohuo wa 1997 Rolling Stones walipotoa "Anybody Seen My Baby?", waligundua mapema kwamba kiitikio chake kinafanana na wimbo wa k.d. lang, wakamwongeza yeye na mwenzake Ben Mink kwenye majina ya watunzi kabla albamu haijatoka. Walijua bei ya kuchelewa. Klein alifariki mwaka 2009. Mei 2019, kwenye tuzo za Ivor Novello, Ashcroft alitangaza kwamba Jagger na Richards wamemwachia haki zao zote za wimbo ule.

Afrika Mashariki si wageni wa mambo haya. "Malaika" ilirekodiwa na kusambazwa na Fadhili William, jina lake likaandikwa, na hadi leo wapo wanaoapa kwamba mtunzi ni Adam Salim. Anayeandikisha kwanza huwa na nguvu, awe Nairobi au New York.

Ngazi ya Led Zeppelin

Led Zeppelin wana historia ndefu ya majina yaliyosahaulika. "Whole Lotta Love" ya 1969 ilibeba maneno kutoka kwa Willie Dixon, mtunzi wa bluzi wa Chicago, ambaye alishtaki mwaka 1985. Wakasuluhishana mwaka 1987 na jina lake likaongezwa. Kwa hiyo "Stairway to Heaven" iliposhtakiwa mwaka 2014, wengi tulikuwa tumeshawahukumu kabla ya kusikiliza.

Waliodai walisema utangulizi wa gitaa, ule wa dakika za mwanzo, umetoka kwenye "Taurus", kipande cha ala tupu cha bendi ya Spirit kilichotoka mwaka 1968. Mtunzi wake, Randy California, alikuwa amefariki mwaka 1997 akimwokoa mwanawe baharini Hawaii. Kesi ilifunguliwa na msimamizi wa mali zake. Ushahidi wa ukaribu ulikuwepo: Led Zeppelin walipoanza ziara yao ya kwanza Marekani, huko Denver Desemba 1968, Spirit walikuwa kwenye onyesho hilohilo. Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin, alikiri kuwa na albamu ya Spirit kwenye maktaba yake, ila akasema hakukumbuka kuusikia wimbo huo.

Kizuizi kilikuwa karatasi. "Taurus" iliandikishwa chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1909, na kwa sheria hiyo kilicholindwa ni noti zilizopelekwa ofisi ya hakimiliki, basi. Rekodi za sauti hazikupata ulinzi wa sheria ya shirikisho la Marekani hadi Februari 1972. Kwa hiyo raia wa juri waliotakiwa kuamua kama nyimbo mbili zinafanana hawakuruhusiwa kulinganisha kwa rekodi ya "Taurus" yenyewe. Walisikilizishwa mwanamuziki akipiga kile kilichoandikwa kwenye karatasi. Namna Randy California alivyozidonoa nyuzi, utulivu wake, mwendo wake, vyote vilibaki nje ya mlango wa mahakama. Kilichobaki ni mstari wa noti zinazoshuka hatua ndogo ndogo, na mstari huo hauna mwenyewe. Unasikika hata kwenye muziki wa Henry Purcell wa karne ya 17. Mwaka 2016 juri ikawapa ushindi Led Zeppelin. Mwaka 2018 majaji watatu wa rufaa wakaagiza kesi irudiwe, mwaka 2020 jopo kubwa la majaji wa mahakama hiyohiyo likarudisha ushindi, na Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza shauri hilo.

Nadhani uamuzi ulikuwa sahihi. Noti zinazoshuka zikifanywa mali ya mtu, hakuna mtoto atakayejifunza gitaa bila deni. Lakini njia iliyotumika kufika hapo inanisumbua, maana inasema mtu aliyepiga kwa mkono wa pekee analindwa chini kuliko mtu aliyejua kuandika. Sheria ya sasa ya Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 1978, inakubali rekodi kama nakala ya kuandikisha utunzi, kwa hiyo tatizo hilo limepungua kwa nyimbo mpya. Nyimbo za roki zenye pesa nyingi, hata hivyo, ni zile za kabla ya hapo.

Hofu ya kesi imebadilisha hata namna nyimbo zinavyotoka. "Creep" ya Radiohead, ya mwaka 1992, ina majina ya Albert Hammond na Mike Hazlewood kwa sababu ya kufanana na wimbo wao "The Air That I Breathe". Australia walienda mbali zaidi: "Down Under" ya Men at Work ilikatwa asilimia 5 ya mapato, kuanzia 2002, kwa sababu ya kipande kifupi cha filimbi kutoka kwenye wimbo wa watoto ulioandikwa na mwalimu Marion Sinclair miaka ya 1930. Hakuna aliyekuwa amelalamika mpaka kipindi cha chemsha bongo kwenye televisheni kilipouliza swali kuhusu kufanana huko.

Mtu kushtakiwa kwa kujiiga

Kesi ninayoipenda kuliko zote ni ya John Fogerty, kwa sababu inafikisha mantiki ya mali hizi hadi mwisho wake wa kichekesho. Fogerty ndiye aliyeandika karibu kila kitu cha bendi ya Creedence Clearwater Revival: "Proud Mary", "Fortunate Son", "Bad Moon Rising". Mikataba waliyosaini wakiwa vijana California iliipa kampuni ya Fantasy, iliyoongozwa na Saul Zaentz, haki za nyimbo na za rekodi pia. Ili atoke kwenye mkataba huo, mwaka 1980 Fogerty alikubali kuachia hata mirabaha iliyobaki. Kwa miaka alikataa kuimba nyimbo zake mwenyewe jukwaani. Kila alipoziimba, alimlipa mtu asiyemtaka.

Mwaka 1984 akarudi na "The Old Man Down the Road". Fantasy wakamshtaki: wimbo mpya wa Fogerty, walisema, umenakiliwa kutoka "Run Through the Jungle", wimbo wa 1970 wa Fogerty. Kisheria dai hilo halikuwa upuuzi. Utunzi wa zamani ulikuwa mali ya Fantasy kama shamba lililouzwa, na aliyeuza shamba hana ruhusa ya kurudi kuvuna. Mwaka 1988, mahakamani San Francisco, Fogerty alipanda kizimbani na gitaa lake, akawaonyesha raia wa juri jinsi anavyotunga, jinsi mkono wake unavyokwenda. Mtu ana mtindo, na mtindo hauuziki kwa mkataba. Juri ikamkubalia.

Hakuishia hapo. Aliomba alipwe gharama za mawakili, akakataliwa, akakata rufaa hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1994 iliamua kwamba mshtakiwa aliyeshinda kesi ya hakimiliki apimwe kwa kipimo kilekile cha mlalamikaji aliyeshinda. Kanuni hiyo inatumika hadi leo, na kila mwanamuziki mdogo anayeshtakiwa na kampuni kubwa Marekani anaitegemea.

Wakati huohuo nyimbo za zamani zimegeuka bidhaa ya mabilioni. Michael Jackson alinunua ATV, iliyoshikilia nyimbo nyingi za Lennon na McCartney, kwa dola milioni 47.5 mwaka 1985; mwaka 2016 Sony ililipa dola milioni 750 kwa nusu iliyobaki mikononi mwa warithi wake katika kampuni iliyokuwa imekua kutoka hapo. Dylan aliuza utunzi wake kwa Universal mwaka 2020, Bruce Springsteen akawauzia Sony utunzi na rekodi mwaka 2021. Wao waliamua kuuza. Fogerty akiwa na umri wa miaka 77 alinunua: Januari 2023 alitangaza kupata sehemu kubwa ya haki za utunzi wa nyimbo zake za Creedence kutoka Concord, kampuni iliyoinunua Fantasy mwaka 2004.

Lakini huo ni mlango mmoja. Rekodi za awali zilibaki kwa Concord, kwa hiyo mtu wa filamu akitaka "Fortunate Son" jinsi ilivyosikika mwaka 1969, ruhusa ya Fogerty peke yake haimtoshi. Mwaka 2025, akiwa na miaka 80, Fogerty alitoa albamu nzima ya nyimbo za Creedence alizozirekodi upya, noti kwa noti, karibu na sauti ya zamani kadiri koo lake lilivyoruhusu.